Je, Mwenye Kulipa Faini Amelipa Deni?

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Methali hii ni ya kweli mahali pake, kwani binadamu hana elimu ya ghaibu, na hata dereva mwangalifu kabisa huweza kupasukiwa na gurudumu katika mteremko akapata la kumpata. Lakini neno la kweli likiondolewa mahali pake likapelekwa mahali pasipo pake, hugeuka likawa kisingizio. Siku hizi twaisikia methali hii ikitumiwa kumsitiri mtu aliyekunywa hata akalegea, kisha akatwaa ufunguo wa gari yake, akaingia barabarani na kumgonga mpita njia. Jamaa zake hukusanyika barazani wakasema, "Ni kudra, ajali haina kinga." Basi nasi twauliza: ikiwa ajali haina kinga, je, ulevi nao hauna kinga? Mkono uliotia ufunguo ulikuwa ni mkono wa nani? Kudra ya Mwenyezi Mungu ni haki, na kuiamini ni katika imani. Lakini aliyeamrisha kuiamini ndiye aliyeamrisha kujihadhari, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuifanya kudra kuwa ni wakili wa kumtetea kwa maovu aliyoyachuma kwa mikono yake.

Hatukukusudia katika makala haya kuthibitisha uharamu wa pombe. Muislamu aujua, hata yule anywaye kwa kujificha aujua, na ndiyo maana akajificha. Tulilolikusudia ni suala jingine ambalo twaliona limesahauliwa na wengi, walevi na wasiokuwa walevi: mtu akipatikana na hatia ya kuendesha gari naye amelewa, akatozwa faini, akailipa, akatoka mahakamani na risiti yake mkononi, je, amekwisha kuwa huru? Na ile faini, ni nani hasa aliyeilipa?

Kwanza yatupasa kujua sheria ya nchi yasemaje, kwa sababu wengi huizungumza bila ya kuijua. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403, katika fungu lake la 44, inamhesabu kuwa na kosa kila mwenye kuendesha gari, au kujaribu kuiendesha, au kuisimamia barabarani au mahali pa watu wote, naye amelewa kwa kinywaji au kwa dawa hata hawezi kuimiliki gari sawasawa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Juu ya hayo, huzuiwa kuwa na leseni kwa muda wa miezi 12, na mahakama yaweza kuurefusha muda huo. Ama aliyeua mtu kwa uendeshaji wa hatari, huyo huingia katika fungu la 46, ambalo adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10, pamoja na kufutiwa leseni na kuzuiwa kuipata kwa miaka 3.

Wala haimfai mshtakiwa kusema, "Nilikuwa nimelewa, sikujua nifanyalo." Kanuni ya Adhabu, katika fungu la 13, haiukubali ulevi kuwa ni udhuru ila katika hali chache, kama vile hali ya mtu aliyeleweshwa na mwenziwe kwa ubaya bila ya ridhaa yake. Hapa sheria ya nchi na fikihi yetu zimekutana, kwani maulamaa walio wengi wamehukumu kuwa mlevi aliyekunywa kwa hiari yake hukamatwa kwa madhara aliyoyatenda. Aliyeizima taa kwa mkono wake mwenyewe hana haki ya kuushitakia kiza.

Watu wengi hudhani kuwa mambo yamekwisha pale risiti ya faini inapokatwa. Sivyo. Hukumu ile ya jinai ina mkia mrefu. Sheria ya Ushahidi, fungu la 47A, imeifanya hukumu ya mwisho ya jinai kuwa ni ushahidi usiopingika wa hatia katika kesi nyingine. Basi aliyeumizwa akimshtaki kwa madai ya fidia, huyu hawezi tena kusimama akakana kuwa alikosa. Bima nayo ina maneno yake. Mikataba mingi ya bima huandikwa kuwa gari ikiharibika naye mwendeshaji amelewa, kampuni haitatengeneza gari hiyo. Na hata pale kampuni inapolazimishwa na sheria kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa, mkataba huweza kuipa haki ya kumgeukia mwenye bima na kumdai kile ilichokitoa kwa ajili yake. Kisha kuna ile hati ya tabia njema itolewayo na polisi, ambayo waajiri wengi huitaka kabla ya kumwandika mtu kazi. Na mwenye kutiwa hatiani huenda ikamwia tabu siku atakapoitafuta. Mambo haya hayaandikwi katika risiti ya faini, lakini nayo ni sehemu ya gharama ya chupa ile.

Sasa tuchukue mfano wa watu wawili waliosimama mbele ya hakimu mmoja, siku moja, kwa kosa moja. Wa kwanza ana maduka na nyumba za kupangisha. Wa pili ni dereva wa matatu, ambaye akila mchana hajui atakula nini usiku. Kila mmoja ametozwa shilingi 100,000. Wa kwanza hulipa kabla ya adhuhuri, akarudi nyumbani kwake akala chakula chake cha kila siku. Wa pili hana cha kulipa. Kanuni ya Adhabu, katika fungu la 28, imeweka kipimo cha kifungo kwa asiyeweza kulipa: faini ipitayo shilingi 50,000 yaweza kumpeleka mtu jela hata kwa miezi 12. Basi huyu wa pili hupelekwa Shimo la Tewa, na mkewe na watoto wake hubaki wakimngojea. Kisha itazame ile leseni. Wa kwanza akizuiwa kuendesha kwa mwaka mmoja, huajiri dereva, akakaa kiti cha nyuma akisoma gazeti lake. Wa pili akizuiwa kuendesha kwa mwaka mmoja, amezuiwa kula kwa mwaka mmoja. Kosa ni moja na maneno ya hukumu ni mamoja, lakini adhabu si moja. Mmoja ameadhibiwa, mwenziwe amenunua.

Huenda msomaji akasema, "Mlevi ni mlevi, asiyetaka kufungwa asinywe." Neno hili ni sawa, wala hatumtetei dereva yule aliyetia roho za abiria kumi na wanne katika hatari. Twasema tu kuwa insafu ni jambo jingine na ukali ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) amewaonya Waislamu kuwa waliokuwa kabla yao waliangamizwa kwa kuwa mtukufu wao akiiba humwacha, na mnyonge akiiba humpitishia hukumu. Sisi husoma maonyo haya juu ya mimbari, tukadhani kuwa kumwacha mtukufu ni lazima kuwe kwa rushwa au kwa upendeleo wa wazi. Lakini faini ya kiasi kimoja kwa watu wote humwacha mtukufu bila ya yeyote kutoa rushwa.

Wala mtu asidhani kuwa jambo hili halina dawa hapa duniani. Katika nchi ya Finland, tangu mwaka 1921, faini hupimwa kwa siku: uzito wa kosa huamua ni siku ngapi, na pato la mkosa huamua thamani ya kila siku. Nchi ya Sweden ilifuata njia hiyo mwaka 1931. Mwaka 2002 mkubwa mmoja wa kampuni ya Nokia alitozwa huko Finland euro 116,000, si kwa ulevi, bali kwa kwenda mwendo wa kilomita 75 mahali paliporuhusiwa 50. Na baadaye faini hiyo ikapunguzwa sana alipothibitisha kuwa pato lake lilikuwa limeshuka. Ilipanda kwa pato na ikashuka kwa pato. Na hiyo ndiyo maana ya mizani. Watu wa Finland si Waislamu, lakini hekima ni kitu kilichompotea muumini, na apatapo kitu chake hamuulizi aliyekiokota dini yake.

Lakini hata tukiipata faini ya insafu, suala letu lingali liko palepale. Faini, iwe kubwa au ndogo, huingia katika hazina ya serikali. Aliyevunjwa mguu hapati katika faini ile hata nauli ya kwenda hospitali. Mjane wa aliyekufa haonyeshwi risiti ile, na lau angeonyeshwa ingemfaa nini? Faini ni deni la watu wote, kwa kuwa barabara ni ya watu wote na mlevi ameikhini amana yao. Ama deni la yule aliyelala kitandani akikitazama kigongo chake ukutani, deni hilo halijaguswa.

Sheria ya nchi haikulisahau deni hili kabisa. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, fungu la 175, yampa hakimu uwezo wa kumwamrisha aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyedhuriwa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 imewapa waliodhulumiwa haki ya kusikizwa na kutafutiwa fidia. Mlango wa kesi ya madai nao u wazi, lakini kwa madai ya namna hii hufungwa baada ya miaka 3. Na sheria ya bima ya gari, Sura ya 405, humlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya watu wa nje, ingawa hailazimishi bima hiyo ifunike zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Lakini haki hizi hazimfuati mwenye haki nyumbani kwake. Ni yeye azitafute, naye mara nyingi ni mtu asiyejua kuwa anazo.

Na tukiigeukia Sharia, tutaona kuwa jambo hili limepangwa kwa mpango ambao wengi wetu tumeusoma wala hatukuuzingatia. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua muumini kwa makosa amewekewa mambo mawili: diya inayokabidhiwa watu wa maiti, ila wakipenda wenyewe kuisamehe, na kaffara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata hufunga miezi miwili mfululizo. Maulamaa wengi wa zama hizi huzihesabu mauti za barabarani kuwa katika mlango huu wa kuua kwa makosa, na aliyeua naye amelewa ana dhambi ya ulevi juu ya hayo.

Sasa zingatia, ewe msomaji, mambo haya mawili yalivyogawanywa. Diya ya kuua kwa makosa, mafakihi wamesema, hubebwa na jamaa za kiumeni za aliyeua, ambao huitwa akila, nao hupewa muda wa miaka 3 kuitimiza. Kwa nini? Kwa sababu asili ya diya ni ngamia 100, na mtu mmoja akibebeshwa peke yake huenda akashindwa, na haki ya watoto wa maiti ikapotea. Maslaha ya aliyedhulumiwa ndiyo yaliyotangulizwa. Ama kaffara haibebwi na akila. Hapana ami wala ndugu awezaye kumfungia siku moja katika hizo siku za miezi miwili. Ni yeye mwenyewe aamke alfajiri, ni yeye mwenyewe akae na kiu, na kila siku akumbuke kwa nini anakaa na kiu.

Basi Sharia imemtenga mtu na mali yake. Katika mali, jamaa wamsaidie, ili mwenye haki apate haki yake. Katika nafsi, asisaidiwe na mtu, ili ajue kuwa ni yeye aliyetenda. Sisi tumeupindua mpango huu. Jamaa zetu humsaidia pale asipostahili kusaidiwa, wakamwacha mwenye haki bila ya kitu.

Hili ndilo neno tulilotaka kulifikia. Mtu wetu akikamatwa kwa ulevi barabarani, jambo la kwanza lifanywalo ni mchango. Mama huuza bangili zake. Kaka huuza kiwanja alichokiweka kwa ajili ya watoto. Watu hutembea na daftari mitaani, na msikitini pia, wakikusanya faini na ujira wa wakili. Fedha zikipatikana hupelekwa mahakamani, na mtu wetu hutoka siku ile ile. Aliyekunywa hakulipa hata senti; waliolipa ni wale ambao hawakuionja. Na katika daftari lile, lifungue ulitazame, jina la aliyegongwa halimo.

Kisha hufuata jambo baya zaidi, ambalo huitwa sulhu. Wazee hupelekwa nyumbani kwa wafiwa na gunia la mchele na bahasha ya hitima. Huketi, hukohoa, husema maneno ya kudra na ya subira, huwakumbusha wafiwa ujirani na udugu, na mwisho huwaomba wasiendelee na maneno ya mahakamani. Mjane huinamisha kichwa, akasema amesamehe. Sulhu ni jambo jema, na msamaha una ujira mkubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini msamaha ni zawadi, na mtu hawezi kuzawadi asichokijua kuwa ni chake. Mjane ambaye hakuambiwa kuwa ana haki ya fidia, wala hakuambiwa kuwa kuna bima, hakusamehe kitu. Amenyang'anywa kwa maneno matamu. Aliyekwenda kumtaka msamaha ilimpasa kwanza amwambie kwa uwazi, "Haki yako ni hii na hii, na njia ya kuipata ni hii." Akisha kujua hayo, akisamehe, hapo amesamehe. Sulhu isiyoanza hivyo ni dhulma iliyovaa kanzu.

Huenda akatokea mwenye kusema, "Je, mwatutaka tumwache ndugu yetu aoze jela?" La. Tumeamrishwa kumsaidia ndugu yetu, awe amedhulumiwa au amedhulumu. Na kumsaidia aliyedhulumu ni kumzuia na dhulma yake. Faini ikilipwa na jamaa na aliyegongwa akiachwa, hatukumzuia ndugu yetu na dhulma. Tumemsaidia kukimbia nayo.

Na yupo mwingine tusiyemtaja mara nyingi: yule aliyekunywa usiku, akaendesha gari kutoka Nyali hata nyumbani, hakukutana na mtu, akalala salama. Asubuhi hujiona hana hatia, na pengine hujisifu kuwa mkono wake ni imara. Baina yake na yule aliyeua pana tofauti gani? Kitendo ni kimoja na nia ni moja. Tofauti ni kuwa mtoto mmoja alivuka barabara katika usiku mmoja, na hakuvuka katika usiku wa pili. Ndiyo maana sheria yamkamata mlevi kabla ya kugonga mtu, wala hiyo si dhulma. Aliyeepushiwa ameongezewa muhula tu wa kutubu. Akiuchukua muhula huo kuwa ni dalili ya ustadi wake, ameikufuru neema.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu mambo matatu. Kwanza, mwenye gari nyumbani, na mwenye gari za biashara, asimpe ufunguo mtu ajuaye kuwa amelewa, hata akiwa ni mwanawe au mkubwa wake; kumkasirisha usiku mmoja ni bora kuliko kumzika au kumzikia mtu. Pili, ukizuka mchango wowote wa jambo hili, shilingi ya kwanza iende kwa aliyeumizwa au kwa watu wa aliyekufa, na wenye elimu katika mtaa wawaeleze haki zao zote kabla ya miaka 3 haijapita. Baadaye ndipo izungumzwe faini, na aliyekosa auze chake kabla ya mamake kuuza chake. Tatu, aliyeua ajue kuwa kaffara imo shingoni mwake. Mahakama zetu za Kadhi zina mamlaka ya mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Hakuna Kadhi atakayemwita kwa diya wala kwa saumu zake. Jambo hilo limeachwa baina yake na Mola wake, na kuachwa huko si kusamehewa.

Risiti ya mahakama yathibitisha kuwa serikali haimdai tena. Ni karatasi ya kweli, na aitunze. Lakini aliyedhulumiwa hakuweka muhuri wake juu ya karatasi ile, na siku ya kuhesabiwa yeye ndiye atakayeulizwa kama amelipwa.

Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.